Sehemu ya Kihamba Iliyo Juu ya Mfereji

Wachaga walio mbali hurudi mlimani Kilimanjaro mwishoni mwa mwaka, na vikao vya ukoo hupangwa wakati huo kwa kuwa ndipo watu wanapopatikana. Desemba 2017 kikao chetu, kule Old Moshi, kilikuwa na ajenda moja tu, na ajenda hiyo ilinihusu mimi. Mapema mwaka ule nilikuwa nimekula kiapo cha utii kwa Malkia na kupewa uraia wa Uingereza mjini Reading, ambako nilifanya kazi ya uuguzi na ambako wanangu walizaliwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kubaki Mtanzania akishachukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, niliyoachiwa na marehemu baba isingeweza kuendelea kuwa yangu.

Tulikaa kwenye mabenchi chini ya migomba, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka kuanzia kwa wazee. Muhtasari ulikuwa umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari: sehemu iliyo juu ya mfereji, inayopakana kwa masale, mimea yetu ya mipaka, na shamba la baba mkubwa, inakabidhiwa mdogo wangu. Mwenyekiti wa kitongoji alikwisha kufika na mhuri wake.

Nilitarajia kufarijiwa. Baba mkubwa, ambaye ujanani aliitumikia TANU, chama kilichopigania uhuru, kwa miguu yake, kijiji hadi kijiji, hakunifariji.

"Mwanangu, sikulaumu," alisema. "Lakini nchi lazima iwajue watu wake. Sisi tumeona ardhi ikiondoka."

Hakuhitaji kueleza zaidi, maana kila aliyekuwa pale aliijua historia hiyo. Mangi Meli, mtawala wetu wa jadi, alinyongwa na Wajerumani hapo hapo Old Moshi mwezi Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, na hadi leo ukoo wake unalitafuta fuvu lake huko Ujerumani. Kisha walowezi wakajitwalia mashamba makubwa upande wa chini, wenyeji wakabanana juu, kihamba kikagawanywa kwa watoto na wajukuu hadi kikawa kipande. Kwa mzee wangu, uraia ulikuwa boma linaloilinda ardhi hiyo. Nilimwelewa, na bado naiheshimu hofu yake, kwa sababu haikutokana na chuki kwa mgeni yeyote.

Hata hivyo nilimjibu, kwa adabu, kwamba Mwalimu Nyerere hakutujengea Utanzania kwa kutuvua Uchaga. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1960 Mwalimu alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziingie katika shirikisho zikiwa pamoja. Kwamba wimbo wetu wa taifa unaiombea Afrika kabla ya kuiombea Tanzania, kwa muziki alioutunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, na ambao Zambia nao wanauimba kwa maneno yao. Nilimkumbusha pia kwamba kahawa ya kihamba kile, iliyouzwa ng'ambo kupitia chama cha ushirika cha KNCU tangu mwaka 1933, ndiyo iliyotulipia ada za shule. Mwisho nikamweleza habari za muuguzi Mkenya tuliyeapa naye siku ile ile, katika ukumbi ule ule, kwa maneno yale yale. Yeye alitoka akiwa bado Mkenya, kwa kuwa Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu, nami nikatoka nikiwa mgeni kwa mama yangu.

Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho. "Nyerere alikuwa tayari kuichelewesha bendera," alisema, "lakini ardhi hakukubali iuzwe." Akanisogezea kalamu.

Nilisaini. Mdogo wangu alisaini baada yangu huku akikwepa kunitazama, mashahidi wakafuata, na mhuri ukagongwa.

Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi maalum, na watu wengi walinipigia simu kunipongeza. Baba mkubwa hakuwahi kuyaona hayo. Naikubali hatua hiyo na nawashukuru walioipigania kwa miaka, lakini hadhi hiyo haina kura, na mtu asiyepiga kura hana pa kusimama inapojadiliwa shule aliyosoma au barabara ya kwao. Ninachokidai ni uraia wenyewe, pamoja na haki na wajibu wake wote. Nikiupata, sitamwomba mdogo wangu anirudishie sehemu ile ya juu ya mfereji. Miche ya kahawa aliyoipanda pale tangu wakati ule ni yake na watoto wake.