Nilivyoacha sigara: kosa lilikuwa kwenye kahawa

Leo natimiza miezi minne bila sigara, namshukuru Mungu. Nilikuwa navuta pakiti kwa siku, ya kwanza kabla sijanawa uso.

Kuacha ghafla kulinishinda siku ya tatu. Kupunguza moja moja, vilevile. Nikanunua jojo za nikotini, kile kilevi cha kwenye sigara, duka la dawa hapa Moshi, miligramu 2, nikawa natafuna mfululizo: kwikwi, koo linawaka, hamu iko palepale.

Mfamasia akauliza, "Kaka, unazitafuna saa ngapi?" Asubuhi kijiweni, na kahawa chungu. Kumbe! Nikotini hupenya kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo, na kahawa huizuia. Dakika 15 kabla ya kutafuna, na jojo ikiwa mdomoni, ni maji tu. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali, ibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena, kama nusu saa. Kwa mvutaji wa alfajiri kama mimi, akanipa za miligramu 4.

Kesho yake nilimaliza kikombe na kashata, nikasuuza mdomo, nikatazama saa. Dakika 15 zile zilikuwa ndefu kweli. Kisha nikabana jojo shavuni, na mwenzangu alipowasha yake pembeni, mkono wangu ulibaki gotini.