Chupa za Mjomba

Juzi binti ya dada yangu, ambaye sasa anasomea uuguzi Jinja, aliniuliza kwa nini Babu hakudungwa antibiotiki mara tu alipopata kiharusi. Swali hilo ni la mjomba. Yeye amelirithi tu.

Ilikuwa mwaka 2017. Baba alikuwa amelegea upande wa kulia, mdomo umekwenda kombo, na daktari wa zamu alikuwa ametuonya kwamba nimonia huwaua wengi baada ya kiharusi. Mjomba alilishika neno hilo, akaenda famasi iliyo nje ya geti, akarudi na kavera (mfuko wa plastiki) lenye chupa za seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. "Musawo, mdunge sasa hivi, tusingoje mpaka augue."

Musawo, ndivyo tunavyomwita mtabibu, aliliweka kavera juu ya kabati, akamkalisha Baba wima, akachota maji kwa kijiko cha chai. "Mzee, meza." Vidole vyake viwili viligusa koromeo, vikingoja lipande. Lilichelewa, kisha likapanda kwa shida. Baba hakukohoa, nasi tukashusha pumzi. Lakini alipoambiwa aseme "aaa", sauti ilitoka na majimaji, kama ya mtu anayesukutua. Hapo hapo Musawo aliiondoa chupa ya uji aliyoileta Mama, akaeleza kwamba kinachopotea njia huingia mapafuni, na sindano haiwezi kulifundisha koo kumeza. Akaagiza mpira wa kulishia kupitia puani, kichwa kiinuliwe, na kinywa kisafishwe kila siku, kazi ambayo mjomba aliiona ni ya urembo.

Baadaye nilisoma utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, ambamo wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,500 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa seftriaksoni gramu 2 kila siku kwa siku 4. Maambukizi yalipungua, hasa ya njia ya mkojo, lakini nimonia haikupungua kwa kiasi cha maana, na baada ya miezi 3 hali ya ulemavu katika makundi yote mawili haikutofautiana. Mwaka huohuo, Waingereza waliwapa antibiotiki wagonjwa walioshindwa kumeza, na nimonia haikuzuilika.

Homa ilimpata Baba hata hivyo, kifua kikakoroma, na chupa zilezile za mjomba ndizo zilizofunguliwa, safari hii kwa kutibu. Kifua kilipona, mkono haukurudi. Mjomba angali anashikilia kwamba zingefunguliwa siku ile ya kwanza, mambo yangekuwa mengine. Nilipomsomea takwimu, aliniuliza kama miongoni mwa Waholanzi hao alikuwemo shemeji yake, na mpaka leo sijapata jibu litakalomtosha.