Siku moja maishani mwangu: shokapu za mzee anayetaka kuzunguka ziwa

Saa 11 na nusu alfajiri

Nimeamka kabla ya daladala za kwanza kuanza kupiga honi hapa Buhongwa, Mwanza, na si kwa sababu ya bidii. Ni boksi. Limekaa chini ya kitanda tangu juzi lilipoteremka kwenye basi la Dar, na ndani yake kuna shokapu mpya ya nyuma, springi mbili za mbele na vali mbili ndogo ambazo mtu asiyejua angedhani ni vifuniko vya chupa. Mwanafunzi wangu alipiga hesabu ya vitu vyote hivyo akasema mzee angeongeza kidogo tu apate pikipiki mpya ya Boxer. Usiku nimesoma maelekezo mara tatu. Mke wangu akaniuliza kama nina mtihani.

Saa 1 asubuhi

Chai na viazi, nikafungua banda. Kazi yangu ya kila siku ni bodaboda: mnyororo, kleti, bushi, oili sili zinazovuja. Lakini leo katikati ya banda imesimama Suzuki V-Strom 650 ya mzee mmoja, mhandisi wa maji mstaafu. Ina zaidi ya kilo 210 kabla hujaweka hata begi. Mzee anataka kulizunguka Ziwa Victoria akiwa na mkewe nyuma: Musoma, Sirari, Kisumu, Busia, Kampala, Mutukula, Bukoba, Geita, kisha arudi nyumbani kwa kupita darajani Kigongo. Tangu daraja lile lifunguliwe Juni 2025, mtu hapangi tena foleni ya kivuko ili aingie Mwanza akitokea Sengerema, na mzee anasema hiyo ndiyo iliyomtia wazimu wa safari.

Pikipiki yake ilikuwa na malalamiko mawili yanayopingana. Akishika breki, mbele inazama kama mtu anayesujudu. Akigonga shimo kwa kasi, mbele hiyo hiyo inakuwa ngumu kama nyundo na inampiga viganja. Gereji aliyoanzia walimwambia shokapu zimechoka, wakakaza springi hadi mwisho, wakachukua hela yao. Baada ya hapo ikawa ngumu zaidi na bado inazama.

Saa 2 asubuhi

Mwanafunzi wangu, ninamwita dogo ingawa amenizidi urefu, amefika na swali lake: inawezekanaje kitu kimoja kiwe laini mno na kigumu mno?

Nikamwonyesha kwa bomba la kupigia dawa ya pamba, maana kwao Magu pamba anaijua. Sukuma taratibu, maji yanapita bila ugomvi. Sukuma kwa nguvu, mkono unagoma. Ndani ya shokapu za mbele za V-Strom hii kuna fimbo yenye matundu tu, na mafuta yanalazimishwa kupita humo. Kasi ya mafuta ikiongezeka mara mbili, ukinzani unapanda mara nne. Kwa hiyo unaposhika breki, shokapu inashuka polepole na matundu hayazuii chochote. Unapogonga shimo, mafuta yanataka kupita yote kwa mara moja, mlango ni ule ule, yanakwama. Springi haihusiki na ugomvi huo. Springi inabeba uzito, mafuta yanatuliza mwendo, na ukikaza springi kutibu ugonjwa wa mafuta unakuwa umempa mgonjwa wa macho dawa ya sikio.

Vali mpya inakaa juu ya fimbo ile. Ina kispringi chake kinachoifunga mafuta yakienda taratibu na kuiachia ifunguke yakija kwa fujo. Ili ifanye kazi, yale matundu ya zamani lazima yapanuliwe yasizuie tena kitu.

Dogo akatikisa kichwa. "Yaani tunatoboa fimbo nzima ya watu?"

Ndiyo. Na ukishatoboa huwezi kurudi nyuma, ndiyo maana sikulala.

Saa 3 hadi saa 5

Pikipiki kwenye dabo stendi, jeki chini ya injini na gogo juu yake, mkanda umefungwa kwenye boriti kwa ajili ya usalama. Tairi, breki na madigadi vikatoka. Vifuniko vya juu vya shokapu nilivilegeza zikiwa bado zimebanwa kwenye steringi. Ukisubiri uzitoe kwanza utazikumbatia kama mtu anayegombana na kuku.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la siku. Chini ya kila shokapu kuna bolti inayoishika ile fimbo. Inatakiwa uilegeze springi ikiwa bado ndani, kwa sababu springi inaikandamiza fimbo isizunguke. Najua hivyo. Nilimwambia hivyo dogo wiki iliyopita. Leo nikaanza kuongea na mteja wa Boxer, nikageuka, nikatoa springi zote mbili, nikamwaga mafuta, ndipo nikaishika bolti. Ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikazunguka tu pamoja na fimbo yake. Unafungua, haifunguki, haikazi, inazunguka.

Mashine ya umeme ya kufungulia nati ingeimaliza kwa sekunde 2. Nikaichomeka. Umeme ukakatika muda ule ule. Dogo akatoka nje acheke huko.

Tukakaa. Jua limeshapanda juu ya mawe ya mlimani, bati linaanza kupasua. Kisha nikakumbuka mpini wa jembe. Bomba la shokapu ni la milimita 43 kwa nje, na mpini wa kawaida hauingii, ikabidi niuchonge kwa panga mpaka ukashuka hadi chini, ncha yake nikaifanya kama kalamu butu. Nikaupigilia nyundo ukakabana kwenye kichwa cha fimbo. Dogo akaung'ang'ania mpini kwa uzito wake wote, mimi nikaikamata bolti kwa spana ndefu. Ikalia "kra", ikaachia. Mama jirani aliyetuazima jembe akaja kuuliza mpini wake uko wapi. Nimemnunulia mwingine, na ule wa kwanza sasa ni spana, umetundikwa ukutani.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, yana harufu ya samaki wa jana. Dogo akasema kwenye bodaboda tunaweka hata oili ya injini na watu wanafika. Wanafika kweli. Lakini hapa uzito wa mafuta ndio unaoamua shokapu itarudi juu kwa kasi gani, maana vali hii inashughulika na kushuka tu. Maelekezo yanataka mafuta ya shokapu ya namba 15, nami nimenunua hayo hayo.

Saa 5 na nusu

Umeme bado. Fimbo mbili kwapani hadi kwa fundi wa kuchomelea mwenye jenereta. Matundu sita ya milimita 8 kwa kila fimbo. Nilichora alama, nikapiga sentapanchi, nikamwomba fundi aninyamazie. Kutoboa kwenyewe dakika 20. Kusafisha ncha za ndani kwa tupa ya duara na kuosha kwa petroli, karibu saa nzima, kwa sababu chembe moja ya chuma ikibaki itakwenda kukaa kwenye vali, na mzee atakuwa Busia mimi nikiwa Buhongwa.

Saa 7 mchana

Ugali na sato wa kukaanga kwa mama ntilie. Nimekula nimesimama.

Halafu nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kununua kipande cha bomba la plastiki, lile nene. Muuzaji akaniuliza navuta maji wapi. Bomba hilo linakatwa linakaa juu ya springi kama kikalio, na urefu wake ndio unaoamua springi ianze kazi ikiwa imebanwa kiasi gani. Vali imeongeza kimo ndani, kwa hiyo kikalio kipya lazima kiwe kifupi kuliko cha kiwandani. Springi hizi ni za kilo 0.95 kwa milimita, na ziko mbili, kwa hiyo kila milimita unayokosea kwenye msumeno ni karibu kilo 2 unazompa au kumnyang'anya mzee. Nilikata mara moja. Nilipima mara nyingi.

Mafuta tulimimina springi ikiwa nje na shokapu imesukumwa hadi chini, tukaipampu taratibu hewa itoke, tukasawazisha hadi yakawa milimita 130 chini ya mdomo wa bomba, pande zote mbili sawa. Dogo alifyonza ziada kwa bomba la sindano. Ana mkono mtulivu kuliko wangu, sijamwambia.

Saa 8 na nusu

Nyuma ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Shokapu ya zamani ikatoka. Beringi za sindano kwenye viungo vyake zilikuwa kavu, kutu imeanza, bado zinafaa. Petroli, grisi, zikarudi. Mnunuzi wa chuma chakavu alipita akaitaka shokapu ile. Nikamkatalia. Ndani yake kuna gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, na huyu jamaa hukata vitu kwa moto.

Saa 9 na nusu alasiri

Mzee na mkewe wamefika. "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Mama ndiye nilikuwa namsubiri.

Wiki tatu zilizopita, kabla sijaagiza kitu, nilimwuliza mzee uzito wao. Akasema yeye 80, mama 60, mizigo "kidogo tu". Nikawaomba, kwa adabu zote, twende kwenye mizani ya mpunga ya jirani. Mzee akatoka 88. Mama akagoma. Akasema hajafika umri wa kupimwa kama gunia. Baadaye akapanda, akanikataza kuutaja uzito wake, nami nautunza mpaka leo. Ile mizigo kidogo ilikuwa kilo 31, ikiwemo michembe na dagaa za kupelekea ndugu wa Bukoba, watu wanaoishi ziwani. Ningeagiza springi za uzito wa mdomoni ningemharibia hela zake.

Siku ile ile nilipima na pikipiki ilivyozama. Unachukua kipimo kutoka ekseli hadi alama kwenye mkia tairi likiwa linaning'inia, kisha wenyewe wakiwa wamekaa na kila kitu kimefungwa. Nyuma ilikuwa imeshuka milimita 88, na safari yote ya tairi la nyuma, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka, ni 159. Zaidi ya nusu imeshaliwa kabla hawajatoka getini. Nikazungusha kitasa cha kukaza springi hadi mwisho: 79. Kisha nikawashusha wote, na pikipiki peke yake haikuzama hata milimita moja. Hapo ndipo mafundi wengi hujidanganya. Pikipiki isiyozama ikiwa tupu inaonekana ina springi ngumu. Ni kinyume chake: springi ni laini mno, umeibana kupita kiasi ili ibebe, na ikiwa tupu inaisukuma pikipiki hadi juu kabisa.

Leo tukarudia. Mzee akakaa, mama akakaa, masanduku yamejaa, dogo ameshika usukani. Unainua nyuma kidogo uache itulie, unasoma. Unakandamiza, uache itulie, unasoma. Unachukua ya katikati, maana sili zinakaba. Milimita 67. Nikazungusha kitasa. 60. Nikazungusha tena. 54, yaani theluthi ya safari na kidogo. "Shukeni." Tupu ikazama 12. Nikapiga kofi hewani. Mbele ikaleta 48 kati ya 150.

Mama akauliza kama anaweza kushuka moja kwa moja sasa au kuna mizani nyingine.

Saa 11 jioni

Nilitangulia peke yangu barabara za vumbi za nyuma ya Buhongwa, kule kwenye mikunjo kama bati. Vitu viwili tu nilikuwa nasikiliza: viganja na mkia. Viganja vilinyamaza. Mkia ulirusha mara mbili baada ya kila tuta, kwa hiyo nikasimama nikakaza skrubu inayopunguza kasi ya shokapu kurudi juu, "klik" tatu. Ukarusha mara moja, ukatulia.

Kisha wao wawili, lami hadi Usagara, kushoto kwao malori ya Shinyanga, kulia njia ya Kigongo, na kurudi. Dakika 50. Nilikaa kwenye ndoo nikijifanya naosha spana.

Mzee alirudi akaanza kunieleza breki, kona, jinsi usukani ulivyokuwa mwepesi. Hiyo ya usukani ni kwa sababu mkia umepanda, nikamwambia, na taa inamulika chini sasa, tutaipandisha. Mama alivua helmeti, akanyoosha mgongo, akasema, "Leo sijamshika mkanda." Zamani alikuwa anashika mkanda wa mumewe mpaka unakatika.

Saa 1 usiku

Mzee akaegesha kwa stendi ya pembeni aje tuhesabiane. Pikipiki ikaenda kushoto, ikaendelea kwenda, wote watatu tukaidaka. Nyuma imepanda, stendi imebaki na urefu wake wa kiwandani, kwa hiyo inalala kama mlevi. Hilo sikuliwaza hata mara moja, na boksi lote nililisoma.

Dogo akatoka nje akarudi na jiwe bapa. Mwanza hukosi jiwe. Akaliweka chini ya stendi, pikipiki ikasimama. Kesho fundi wa kuchomelea ataongeza kipande cha bati kwenye unyayo wake. Mama akasema jiwe lile liingie kwenye sanduku hata hivyo, na mzee akaniuliza lina kilo ngapi.