Siku Moja Maishani Mwangu: Majivu, Mifupa na Umri Katika Korongo la Olduvai

Saa 12 asubuhi. Kabla jua halijachomoza nyuma ya milima ya Ngorongoro, nimeshakunywa chai ya rangi na kupanga patasi, nyundo, dira na mifuko ya sampuli. Wengi hudhani kwamba ili kujua umri wa mfupa tunapima mfupa wenyewe, lakini kipimo cha kaboni ya 14, aina ya kaboni iliyomo katika mabaki ya viumbe ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, hukomea kwenye miaka elfu 50 hivi, na mifupa ya hapa imeupita mpaka huo zamani sana. Tunachopima ni majivu ya volkano yaliyolala chini na juu ya mfupa, kwa kuwa umri wake huangukia kati ya umri wa majivu hayo.

Saa 2. Tunasafisha ukuta wa korongo mpaka tabaka la majivu lionekane wazi. Mwenzangu anaandika kina na mwinamo wa tabaka, ndipo ninapochokoa bonge la jivu gumu, nikiepuka sehemu zilizopenywa na mizizi au kuchanganyika na mchanga wa mto, kwa sababu fuwele chache kongwe zilizosombwa kutoka kwenye mwamba mwingine zinaweza kulizeesha tabaka zima kwa uongo.

Saa 5. Anapita mzee mfugaji na mbuzi wake, mkononi ana mfupa uliogeuka jiwe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Huu una miaka mingapi?”

Namwuliza alipouokota, naye ananyoosha fimbo kuelekea kijito kilichokauka. Namweleza kwamba maji yameutoa katika tabaka tusilolijua, hivyo hatuna jivu la kuupimia.

“Kumbe ni ng’ombe asiye na alama,” anasema. “Hujui ametoka boma gani.”

Sijawahi kulieleza vizuri hivyo darasani.

Saa 8 mchana. Kivulini, mwanafunzi anauliza kuhusu fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mwanaakiolojia Mary Leakey aliligundua hapa tarehe 17 Julai 1959. Mumewe, Louis Leakey, alilikadiria kuwa na miaka laki 6. Mwaka 1961, kipimo cha potasiamu na agoni kikatoa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio yake. Jivu linapotoka volkanoni likiwa la moto, gesi ya agoni iliyokuwamo hutoroka. Likishapoa, potasiamu ya 40 huendelea kugeuka agoni polepole mno, nayo hunaswa ndani ya fuwele. Siku hizi fuwele huyeyushwa kwa leza moja baada ya nyingine, kwa hiyo ile kongwe iliyojipenyeza hugundulika, na umri wa Zinj umesogea hadi miaka milioni 1.84 hivi.

Saa 11 jioni tunapanda kurudi kambini.

Saa 2 usiku. Nahesabu mifuko kwa mwanga wa taa: 14. Jasho limefuta maandishi ya mfuko mmoja, na hakuna anayekumbuka kwa hakika ulitoka juu au chini ya mpaka wa tabaka. Naumwaga nje ya hema. Kesho nitaanzia kwenye ukuta ule ule.