Riba ya Benki Kuu ilivyonifikia dukani, na nilivyojipanga

Nauza leso, jumla na rejareja, Mtaa wa Biashara hapa Mombasa. Mzigo mwingi hutoka India na hulipiwa kwa dola, na mtaji wake ni mkopo wa benki wenye riba inayobadilika. Kwa hivyo Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya inapokaa kupanga riba ya Benki Kuu, kila baada ya miezi miwili hivi, uamuzi wake hunijia kwa njia mbili: mkopo na dola. Njia hizi mara nyingi huvutana: riba ikipanda, mkopo huwa ghali, lakini dola huweza kushuka. Nilipolielewa hilo ndipo nikajua la kufanya.

Juni 2023 Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 9.5 hadi 10.5. Desemba ikafika 12.5, na Februari 2024 ikawa 13. Barua za benki za kunipandishia riba ya mkopo zikafuatana, maneno ni yale yale, kinachobadilika ni nambari tu. Nikapiga hesabu ambayo mpaka leo humpa kila mwenzangu anayetaka kukopa: kwenye deni la shilingi milioni 1.2, kila asilimia moja inayoongezeka ni shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani elfu moja kila mwezi. Zikiongezeka tatu na nusu, ni 3,500 kwa mwezi, na hujauza hata leso moja.

Wateja nao walikuwa na mikopo yao. Kina mama waliozoea kuchukua korija nzima kwa ajili ya harusi wakawa wanachukua pea mbili tatu. Ndivyo riba kubwa inavyofanya kazi: watu wakope kidogo, wanunue kidogo, bei zipoe. Sisi wauzaji huumia. Hata hivyo nasema kwa dhati kwamba mfumuko wa bei wa 2022, uliopita asilimia 9 Oktoba ile, uliwaumiza wateja wangu zaidi. Aliyemaliza pesa kwenye unga na mafuta ya kupikia hafiki kwenye leso.

Njia ya pili ndiyo wengi hawaiangalii. Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160, kwa hivyo robota la leso la dola 1,000 lilikuwa 160,000 kabla ya ushuru na gharama za bandari. Watu walihofia deni la nje la dola bilioni 2 ambalo serikali ilitakiwa kulilipa Juni. Februari serikali ikakopa upya nje na kulipa mapema sehemu kubwa ya deni lile. Mwezi huo huo ikauza hati fungani ya miundombinu, yaani ikakopa kwa wawekezaji kwa shilingi, yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Mwenye dola akaona faida iko kwenye shilingi, akazibadilisha. Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130. Robota lile lile, pungufu ya shilingi 30,000.

Dola ilipokuwa juu sikuagiza mzigo mkubwa. Niliuza nilichokuwa nacho, nikachukua vichache kwa mali kauli, nilipe nikishauza, kwa mwenzangu wa jumla, na kila kilichobaki nikakiingiza kwenye deni la msingi, yaani pesa yenyewe niliyokopa. Benki ilinishauri niongeze muda wa mkopo ili malipo ya mwezi yapungue. Nilikataa, kwa sababu riba ikiwa juu, muda mrefu ni kulipa riba zaidi. Ami yangu, ambaye naye ni mfanyabiashara, alikuja akaziangalia rafu.

"Mwanangu, watu watasema umefilisika."

"Waseme, ami. Nikinunua kwa dola ya 160, nitakuja kumuuzia nani dola ikishuka?"

Kwa Idi nilinunua kidogo kidogo. Mzigo mkubwa niliuagiza Mei, dola ilipokaribia 130, na deni likiwa limepungua vya kutosha kwamba asilimia 13 haikuniuma kama mwanzo.

Kisha riba ikaanza kushuka: 12.75 Agosti 2024, 12 Oktoba, 11.25 Desemba. Barua hazikuja. Kupandisha ilikuwa mbio, kushusha kimya. Nikazipanga zile barua za kupandishiwa kwa tarehe, nikaandika pembeni ya kila moja riba ya Benki Kuu ya siku hiyo, nikaenda nazo kwa afisa wa mikopo.

"Mama, bado tunawalipa waweka akiba riba tuliyokubaliana zamani," akaniambia. Ni sababu ya kweli, riba ya akiba za muda maalumu haibadilishwi kabla ya kuiva. Lakini waweka akiba hao walikuwepo pia wakati wa kupandisha, na hakuna aliyenisubiri. Nikamwomba anionyeshe kwa maandishi riba ya msingi wanayoanzia ni ngapi na nyongeza yao juu yake ni ngapi. Kila mkopaji aombe karatasi hiyo, maana bila hiyo huna pa kushikia.

Februari 2025 Benki Kuu ilipofika 10.75 na kuzitaka benki ziwashushie wakopaji, niliandika tena na kuambatanisha zile barua zote. Ya kushushiwa ikaja. Malipo ya mwezi nimeyaacha pale pale yalipokuwa, tofauti yote inakwenda kwenye deni la msingi.