Bamvua la Jambiani: Safari ya Kupiga Picha za Watu Ndani ya Maji

Siku za kwenda Jambiani nilizichagua kwa kutazama mwezi. Unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari ya mashariki ya Unguja huingia katika bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa hadi karibu na mwamba, yakaacha uwanda mpana wa mchanga na vidimbwi ambao watu huutembea kwa miguu. Siku za maji mafu bahari haisogei kiasi hicho. Nilikuwa nikitafuta picha za hisia za binadamu zinazotokana na maji, na niliamini kuwa nitazipata kwa watu waliosimama ndani yake kwa sababu ya kazi kuliko kwa wageni wanaoyatazama wakiwa wamekaa kwenye viti vya ufukweni.

Nilivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam. Katikati ya mkondo, pande zote zikiwa bahari na mbingu tu, nilimkumbuka Hiroshi Sugimoto, mpiga picha wa Kijapani ambaye tangu mwaka 1980 amepiga picha za bahari mbalimbali za dunia kwa mpango mmoja usiobadilika: nusu ya juu anga, nusu ya chini maji, bila chombo wala mtu. Nazipenda picha hizo, lakini mtazamaji huja nazo na hisia zake mwenyewe, akaziweka juu ya maji yasiyomjibu. Upande mwingine yupo Aïda Muluneh wa Ethiopia, ambaye mwaka 2018 alitengeneza mfululizo wa picha kuhusu maji kwa ajili ya shirika la WaterAid, akaupiga Dallol, katika jangwa la chumvi la Afar. Humo wanawake waliopakwa rangi usoni na kuvishwa mavazi ya rangi kali wamepangwa kama waigizaji jukwaani, na maji yenyewe hayaonekani kwa wingi, ila mzigo wa kuyatafuta unaonekana katika kila umbo. Mimi sikutaka kumpanga mtu yeyote, lakini kwake nilijifunza kuwa maji hupigwa picha vizuri zaidi pale yanapomfanyia mtu jambo.

Daladala la namba 309 lilitupitisha Jozani na Paje, likanishusha Jambiani jioni. Nilipiga hodi kwa sheha kueleza nilichofuata, na asubuhi yake niliongozana na wanawake wa mwani kuelekea mashambani. Kilimo hiki kilianza katika vijiji hivi vya Paje na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wakulima walio wengi ni wanawake. Vipande vya mwani hufungwa kwa vikamba vyembamba kwenye kamba ndefu, kamba ikatandazwa kati ya vijiti viwili vilivyochomekwa mchangani, kisha bahari ikaachiwa kazi kwa muda wa wiki sita hivi.

Bibi mmoja aliyekuwa ameinama juu ya kamba zake aliitikia salamu yangu bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutupiga picha au kutusaidia?"

"Vyote viwili, bibi, ukiniruhusu."

"Basi itundike hiyo kamera shingoni, ushike kamba kwanza."

Nilishika. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, na hapo ndipo penye ugumu wa mahali hapa kwa mpiga picha. Katika bamvua la Zanzibar maji hujaa kabisa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo kupwa huangukia saa nne, jua likiwa limepanda na mchanga mweupe ukilirudisha machoni. Ile nuru laini ya mapambazuko inayosifiwa katika kila somo la upigaji picha haikutani na shamba lililo wazi ila katika siku za maji mafu, wakati ambapo kazi ni haba. Tatizo la mwanga wa bahari ni la zamani. Miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alipopiga picha zake za mawimbi, kemikali za wakati ule zilikuwa nyepesi mno kuipokea rangi ya buluu, hivyo anga liliungua, likawa jeupe tupu, kabla bahari haijaonekana sawasawa. Katika baadhi ya picha alitumia negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, akaziunganisha kwenye karatasi moja. Kamera ya leo ingeweza kunifanyia hivyo kwa kubonyeza kitufe. Nilikataa, kama nilivyolivua lile chujio linaloondoa mng'ao juu ya maji. Mng'ao ule ndio uliokuwa ukiwakunja nyuso tangu asubuhi. Kuuondoa kungekuwa kuwapiga picha wakiwa katika bahari nyingine. (Vivyo hivyo sina hamu na mtindo wa kuacha lenzi wazi kwa dakika nzima hadi mawimbi yawe ukungu, mtindo uliokwisha kuenea hadi kwenye kalenda za benki.)

Nyuso, kwa hakika, hazikuniambia mengi, kwa kuwa jua kali humkunja kila mtu namna moja. Migongo na magoti yalisema zaidi. Kanga iliyolowa huvuta kiuno chini, na mwenye kuivaa hutembea akiisukuma bahari kwa mapaja. Ukikaa karibu kwa muda wa kutosha unatambua kwa mwendo nani amechoka na nani amekasirika. Hasira ilikuwapo. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hudhoofika na kufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, wakati spinosum, mwani mwingine unaostahimili joto hilo, hulipwa kidogo, na wanawake waliizungumza bei hiyo kwa sauti zilizovuka shamba hadi shamba. Kotonii huishi vyema zaidi katika maji ya kina, lakini wengi wa wakulima hawakufundishwa kuogelea walipokuwa wadogo. Nilizifikiria picha za Anna Boyiazis za wasichana wa Zanzibar wakijifunza kuelea, zilizotunukiwa katika World Press Photo mwaka 2018. Nilikuwa nimezitazama kama picha za uhuru, na hapo Jambiani nikaziona pia kama picha za riziki.

Kabla ya adhuhuri maji yalianza kurudi, na shamba zima likabadilika. Mazungumzo yalikatika, mikono ikaharakisha mafundo, na magunia ya mwani mbichi ambayo watu wawili waliyainua kwa taabu yakaanza kuelea. Wanawake waliyasukuma kuelekea pwani huku wakicheka na kutaniana, maji yakiwafikia kiunoni; bahari iliyowafukuza ndiyo iliyowabebea mzigo. Hapo nilipiga picha nyingi kuliko asubuhi yote, na karibu zote zina uhai.

Barazani, jioni, nilimwonyesha bibi kazi ya siku katika kioo cha kamera. Nilikuwa nimeipenda picha moja ya uso wake, macho yamefumbwa nusu na mdomo umekazwa, ambayo mtu yeyote katika ukumbi wa maonyesho angeisoma kuwa majonzi.

"Hapa sina huzuni," alisema. "Jua limenipiga. Na mzigo wangu mbona umeukata?"

Niliifuta mbele yake kwa idhini yake. Kwa kuwa kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, tulikubaliana kesho yake tuondoke nyumbani baadaye kidogo kuliko siku hiyo, nami nibebe lenzi pana inayoweza kumchukua yeye, gunia lake na maji yaliyo kati yao.