Picha iliyokatwa kwa mkasi

Kwa miaka 6 kamera yangu ilikuwa ya kutafutia riziki tu: harusi, mahafali, picha za pasipoti. Nikijaribu kupiga za kwangu mwenyewe, miguu hunipeleka Mji Mkongwe, kwenye milango ileile ya misumari ya shaba ambayo kila mgeni anayeshuka botini keshaipiga. Narudi nyumbani, natazama, nafuta.

Aliyenitoa hapo ni bibi yangu. Siku moja nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa kwenye kasha lake, chini kabisa nikakuta picha nyeusi na nyeupe, nyuma ina muhuri wa Capital Art Studio, ile ya barabara ya Kenyatta aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Bibi kasimama, mkono kauweka juu ya bega la mtu. Mtu mwenyewe hayumo. Kakatwa kwa mkasi, limebaki bega.

"Bibi, huyu nani?"

"Shoga yangu." Akaipangusa kwa ncha ya kanga. "Tuligombania cherehani."

Sikuambiwa zaidi, lakini usiku ule sikulala. Ng'ambo nzima, mitaa yetu ya nje ya Mji Mkongwe, imejaa makasha kama lile! Nikaanza kubisha hodi kwa majirani, niwapige wakiwa wameshika picha zao za zamani.

Wiki ya kwanza nilichemsha. Kina mama watatu walinikaribisha, wakatoa albamu, wakanipa na chai. Nikiinua kamera, wote neno moja: "Sura usinipige." Nilirudi nimenuna. Kuja kuzikagua zile chache nilizopata, naona vidole, hina iliyofifia, ukucha umekandamiza kona ya picha isijikunje. Kumbe sura ndiyo iliyokuwa ikinipotezea muda. Tangu hapo napiga mikono tu.

Lenzi natumia moja, ya milimita 50. Flashi naiacha nyumbani, maana picha za zamani zinang'aa na flashi huzitia doa jeupe katikati. Namkalisha mtu karibu na mlango ulio wazi, saa kumi jioni, jua likishahama kichochoroni. Kamera haitoki mkobani mpaka hadithi iishe. Ukitanguliza kamera, utapewa mkono uliokakamaa.

Nimeshafika nyumba 17. Juzi Bibi kaniita mwenyewe, kaishika picha yake, pale palipokatwa kapafunika kwa kidole gumba.

"Piga hivihivi," akasema.